Mkaja wa Nyumba ya Wazazi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla akina mama hawajaanza kupanga foleni ya mizani ya watoto, Mama Chokaa alipanda ngazi za Nyumba ya Wazazi, ambako wanawake wa mji walijifungulia, kitambaa kikavu mkononi na miwani shingoni, kwenda kuvijulia hali vioo vyake kumi na viwili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na chokaa, chini na ghorofa moja juu, kuta nene hata mtoto mchanga aliweza kulazwa kwenye kizingiti cha dirisha na nafasi ikabaki ya kuweka beseni. Umri wake hakuna aliyeujua. Mama Chokaa alizaliwa humo, chumba cha mwisho kulia. Mama yake alizaliwa humo. Binti zake watatu walizaliwa humo, wa mwisho akitanguliza miguu. Ukiuliza vizuri, nusu ya mji ule ilianzia mle ndani.

Lakini ardhi ya mji ilikuwa haitulii. Kila baada ya miezi michache ilijinyoosha kama mtu aliyelala vibaya: vikombe vikagongana kabatini, mbwa wakabweka, watu wakatazamana, basi, kazi ikaendelea. Wazee ndio waliokumbuka kwamba kuna siku ardhi haijinyooshi tu. Inaamka.

Ndiyo maana ofisi ya majengo ilileta barua. Barua ilisema nyumba ina nyufa, ni hatari, ifungwe, na wazazi wapelekwe hospitali ya ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa gari, kama gari lipo. Mkunga mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliisoma mara mbili akaikunja akaitia mfukoni.

"Waje wao wazalie njiani kwanza," alisema. "Halafu tutazungumza."

Aliyekuja ni mhandisi. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kofia yake ngumu ya njano ikimshuka machoni kila akiinama. Alizunguka nyumba siku tatu, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, akaandika. Siku ya nne alibandika vioo. Kila penye ufa aliweka kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, akakikaza kwa jasi huku na huku, akakiandika namba na tarehe.

"Ukuta ukisogea unene wa unywele, kioo kinapasuka," alimweleza Mama Chokaa. "Hakijui kuficha. Nyumba ikitulia miezi sita, natia sahihi ibaki. Isipotulia, natia sahihi ifungwe. Sitaongeza wala sitapunguza, Mama."

"Na usipunguze, mwanangu," alisema Mama Chokaa. "Hii itatulia."

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Katika mji ule yeye peke yake ndiye aliyebaki na shimo la kuzimia chokaa kwa maji, na mwaka mzima uliotangulia aliutumia kuibandua saruji ambayo mafundi wa haraka waliipaka juu ya kuta zile, akaziba upya kwa chokaa yake. Aliichukia saruji pale kama mtu anavyomchukia mkwe mwenye majivuno. Si kwamba saruji ni mbaya, alikuwa akisema, ila pale si pake. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Nyumba ikitikiswa, yenyewe inagoma, na ikigoma jiwe ndilo linalopasuka. Chokaa ni laini, inatoa nafasi, inakwenda na kurudi.

Tena kulikuwa na mkaja. Hilo alifundishwa na mama yake, aliyekuwa fundi chokaa kabla yake. Waliojenga nyumba zile walizifunga kwa mbao ngumu zilizolazwa ndani ya ukuta, kuzunguka nyumba nzima, usawa wa sakafu ya juu na usawa wa paa, zikashikana kwenye kona kama vidole. Mafundi waliuita mkaja, kwa sababu kazi yake ni ileile ya kitambaa anachofungwa mzazi tumboni: kushika kilichotikiswa mpaka kirudiane. Ukifika mtikisiko, kuta nne zinataka kwenda kila moja njia yake. Mkaja unazikataza.

Mhandisi aliufurahia sana. Walitoboa kidogo kona tatu wakaukuta, mweusi, mzima, mgumu kama chuma. Kona ya nne, ya kaskazini juu, ilikuwa bafu la wazazi, imefunikwa vigae kutoka chini hadi darini, na Mama Chokaa aliona haya kuwavurugia wazazi bafu.

"Upo tu," alimwambia mhandisi. "Nakula kiapo. Waliojenga tatu hawawezi kusahau ya nne."

Mhandisi akaandika: upo.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Alhamisi inayofuata miezi sita ingetimia, na mhandisi angekuja na karatasi yake. Mama Chokaa alivipitia vioo polepole, kama mtu anayekula utamu na hataki uishe. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Alifika cha tisa, nje ya mlango wa bafu la kaskazini. Kizima. Akakipangusa vumbi, akageuka kwenda cha kumi, halafu akarudi.

Pembeni mwa kioo cha tisa palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu.

Alivaa miwani. Mstari ulikuwepo, na ukingo wa kioo ulikuwa umechongwa mshazari. Mama Chokaa aliujua mstari ule. Aliutazama kila siku kwa miaka arobaini, ukutani kwake sebuleni, ukizunguka picha yake ya harusi, mpaka siku moja miezi mitano iliyopita alipoikuta picha haina kioo na mumewe akamwambia kilianguka.

Mumewe alikuwa ndiye mtunza usafi wa nyumba ile, na watu walimwita Bwana Fagio. Alimkuta kwenye stoo ya chini, amekaa juu ya kigoda, anakamua tambara.

"Baba," alisema Mama Chokaa.

"Naam."

"Kioo cha picha yetu kiko wapi?"

"Si nilikwambia kilianguka."

"Kilianguka, kikapanda ngazi, kikajibandika ukutani mlangoni pa bafu."

Bwana Fagio aliacha kukamua. Maji yakaendelea kudondoka taratibu kwenye ndoo.

"Kile cha pale kilikuwa kimevunjika," alisema. "Vipande viko chini, na wazazi wanatoka kuoga miguu mitupu. Nikafagia. Nikakata kingine nikabandika. Na tisa nikaiandika vizuri, tena kuliko ya yule binti. Ulitaka niache watu wakatwe?"

"Mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Baba."

"Nne," alisema. "Ya kwanza nilidhani ni mlango umepigwa na upepo. Ya pili nikadhani sikubandika sawasawa. Ya tatu niliona aibu kukwambia. Ya nne nilishazoea, na kioo kilikuwa kimebaki ukingo tu."

Mama Chokaa alivuta ndoo tupu, akaipindua, akakaa.

"Kwani hukujua vile vioo ni vya nini?"

"Nilidhani ni urembo. Au vya kuzuia wadudu wasitoke ufani."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Bwana Fagio alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nikuulize wewe? Mke wangu, miaka arobaini na moja nasikia, chokaa usiguse, patasi usiguse, ondoka hapo utanikanyagia kazi. Nilipokuuliza siku ile kwa nini unachekecha mchanga mara tatu, ulinijibu nini?"

Alimjibu nenda kafagie. Alikumbuka. Alimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni, na si siku ile tu.

Juu yao, nyayo za watu zilipita kwenye sakafu ya mbao, na mtoto alikuwa akilia kile kilio cha mtoto asiyemaliza hata wiki, kikavu, kisicho na machozi. Mama Chokaa aliifuata sauti kwa macho, darini, mpaka kona. Ilikuwa kona ileile. Kitanda cha kuzalia kilisimama hatua nne kutoka bafuni.

"Sasa," alisema Bwana Fagio polepole, "mbona leo kizima? Na Alhamisi si siku tano tu. Mimi nikinyamaza na wewe ukinyamaza, nani atajua?"

Si kwamba Mama Chokaa hakuliwaza. Lilikuwa limeshampitia kichwani likakaa, likajitengenezea kiti. Sahihi ingetiwa. Barua ya ofisi ingechomwa. Mkunga mkuu angemkumbatia mpaka mbavu zilie.

"Ukuta utajua," alisema, akainuka kwenda kupiga simu.

Mhandisi alifika Jumatatu. Alisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi, mbele ya kioo chenye mstari wa dhahabu. Bwana Fagio alisimama nyuma ya mkewe kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mkunga mkuu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mara nne kwa miezi sita," alisema mhandisi. "Mama, kona hii inatembea."

"Inatembea, mwanangu."

"Uliniapia mkaja upo."

"Nilikuapia kitu nisichokiona. Hilo ni kosa langu, si la huyu mzee. Yeye alifagia tu."

Mhandisi aliinama kuutazama ufa upya. Mkunga mkuu hakuweza kungoja. "Na wazazi wangu?" aliuliza. "Nina wanne juu, na watatu wanaotazamiwa wiki hii. Niwaambie wakaze mapaja wangoje ofisi?"

"Wahamishie upande wa kusini," alisema mhandisi. "Kona hii asilale mtu. Na sikilizeni nyote. Alhamisi nitaandika ninachokijua. Nikiujua ufa peke yake, nitaandika ifungwe, sina njia. Nikijua sababu ya ufa na dawa yake, nitaomba mwezi mmoja."

Mama Chokaa alishakuwa na patasi mkononi.

Waling'oa vigae siku ile ile. Chini ya vigae kulikuwa na saruji, chini ya saruji mawe, na Mama Chokaa aliyatoa mawe moja moja akimkabidhi mumewe, aliyeyapanga chini kwa mfuatano, kila moja limeandikwa namba ili lirudi kwake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kushika kazi moja. Saa kumi jioni ukuta ulifunguka, wakauona mkaja.

Ulikuwa umekatwa.

Ubao ulitoka kulia, mnene kama paja, ukakoma. Ubao ulitoka kushoto, ukakoma. Katikati palikuwa na pengo la mkono mzima kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na ndani ya pengo, limesimama wima kwa raha zake kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, lilikuwa bomba la maji.

"Basi," alisema Mama Chokaa. "Ndiyo maana."

Aliyeliweka bomba lile alikuwa bado hai. Walimwita, na kesho yake asubuhi alikuja, mzee wa miaka themanini na ushei, anatembelea fimbo, amevaa koti kama anakwenda kupewa nishani. Alilitazama bomba lake, uso ukamng'aa.

"Halijavuja," alisema. "Miaka yote hii. Mnaona?"

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Chokaa. "Na huu mti?"

"Marahaba. Eh, mti ule ulikuwa mbishi. Ulinivunjia misumeno mitatu. Siku mbili nimelala ubavu hapa nakata, nikasema leo piga ua, ama wewe ama mimi." Akacheka peke yake. Halafu akaziona nyuso zao, kicheko kikapungua. "Kwani ulikuwa na kazi?"

"Babu," alisema mkunga mkuu, "umemkata mzazi mkaja."

Mzee aliutazama ubao, akautazama ufa uliopanda kutoka pale hadi darini, akaufuata kwa ncha ya fimbo mpaka mwisho. Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Alivua koti, akalitundika msumarini.

"Nileteeni spana kubwa," alisema. "Bomba langu nitalifungua mwenyewe. Asiliguse mtu."

Alhamisi mhandisi aliandika: sababu imejulikana, dawa ipo, naomba mwezi mmoja. Ofisi ikajibu mwezi mmoja, hata siku moja isizidi.

Kazi ikaanza, na kazi ile Mama Chokaa aliikumbuka baadaye kuliko harusi yake. Fundi bomba alilitoa bomba lote ukutani akalipitisha nje, kwenye hewa, penye haki yake. Seremala, mdogo wake Mama Chokaa, alichonga ubao wa kuziba pengo, ncha zake zikiingia kwenye ncha za zamani kama meno ya machanuo mawili yaliyopishana, akazikaza kwa mikanda ya chuma na bolti. Mhandisi alipiga hesabu zake usiku kucha kwao, asubuhi akaja na michoro: nondo nne ndefu za kupita chini ya sakafu ya juu, kutoka ukuta hadi ukuta, na nje kila ncha ikamatwe kwa bamba la chuma pana kama sinia, likazwe kwa nati. Boriti za sakafu, ambazo zilikuwa zimelala tu juu ya ukuta kama mtu aliyeegemea, zilishikizwa kwa vyuma vilivyoingia ndani ya mawe.

"Ukuta ukitaka kutoka nje, sakafu iuvute," alisema mhandisi. "Sakafu ikitaka kuteleza, ukuta uishike. Asiwepo wa kukimbia peke yake."

"Kama ndoa," alisema Bwana Fagio.

"Wewe nyamaza, chekecha mchanga," alisema Mama Chokaa. Kisha akajirudi. "Mara tatu, Baba. Ya kwanza unatoa mawe. Ya pili unatoa udongo, maana udongo unanyonya maji na chokaa inakosa kushika. Ya tatu ni kwa sababu ya pili huwa unadanganya."

"Ahaa," alisema Bwana Fagio, na akaonekana kuridhika kama mtu aliyelipwa.

Chokaa ilitoka shimoni, ile iliyozimwa mwaka uliopita, nyeupe na laini kama siagi. Mama Chokaa alilirudisha kila jiwe mahali pake kwa namba yake, akiloweka jiwe, akilaza chokaa, akikandamiza kwa kidole gumba pale mwiko ulipokuwa hauoni. Hakuharakisha. Mhandisi alihesabu siku kwa vidole, akauma mdomo, lakini hakuthubutu kumhimiza.

Siku ya ishirini na mbili walimaliza. Mhandisi alibandika vioo upya, tarehe mpya, ila alipofika cha tisa mfuko wake ulikuwa mtupu.

"Kimepungua kimoja," alisema.

Bwana Fagio alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakikunjua. Ndani kulikuwa na kipande cha mwisho cha kioo cha harusi, chenye mstari wa dhahabu.

"Hiki safari hii kibandike wewe," alimwambia mhandisi. "Mimi mkono wangu umeshaharibika jina."

Zilibaki siku nane.

Ardhi haikungoja nane. Iliamka siku ya nne, Jumanne, saa tatu asubuhi, siku nyingine ya mizani katika wiki.

Mama Chokaa alikuwa uani, amechuchumaa kando ya shimo lake la chokaa. Kwanza alisikia sauti, kama lori lenye shehena ya mawe linalopita chini ya miguu. Maji ya kwenye ndoo yakasimama vinundu. Kisha uwanja wote ukamtoka chini, akaanguka kwa mikono, na alipoinua kichwa aliiona nyumba.

Aliikodolea macho kona ya kaskazini. Aliiona inakwenda. Naam, aliiona kwa macho yake, mawe yale mazito yakisogea kuelekea kwake kama mtu anayetaka kuinuka, vumbi jeupe likifuka kwenye viungo, na mabamba manne ya chuma yakikaza ukutani kama viganja. Ikaenda, ikafika mwisho wa kamba yake, ikarudi. Ikaenda tena. Ikarudi. Vigae vya paa vilimwagika vyote upande wa mlango mkuu, vikapasukia palepale ambapo mtu anayekimbia angekuwa. Nyuma yake ukuta wa ua, wa matofali ya saruji, uliojengwa miaka miwili tu iliyopita, ulilala chini wote kwa mara moja kama mkeka uliotandikwa.

"Shika," alikuwa akisema Mama Chokaa, polepole, kwa nyumba. "Shika, mama. Shika hivyo hivyo."

Halafu kukawa kimya, kimya cha kutia uziwi, na ndani ya kimya kile nyumba ya mawe ilikuwa imesimama.

Mkunga mkuu alikuwa amewafundisha wazazi, kama alivyofundishwa na mhandisi: hakuna kukimbilia nje, kaa penye ukuta wa ndani, funika mtoto kwa mwili wako. Sasa alisimama mlangoni, mweupe kwa vumbi la chokaa kutoka kichwani hadi viatuni, akiwatoa mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma na kuwahesabu kwa sauti ya kuamsha kijiji. Kina mama thelathini na mmoja. Watoto ishirini na wanane. Mmoja ana mkwaruzo pajani, mwingine amepoteza kiatu na anakidai.

"Wametimia?" aliuliza Mama Chokaa.

"Mmoja yuko juu," alisema mkunga mkuu. "Uchungu ulimshika hata kabla ardhi haijashikwa. Anasema hatoki mpaka amalize. Na mimi narudi kwake." Akapanda ngazi mbilimbili, unene wake wote, na baada ya muda mfupi dirisha la kusini lilifunguka. "Ishirini na tisa," alitangaza.

Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Wengine walikuwa wanalia wakati huohuo, na hawakuona tabu kuvifanya vyote viwili.

Ndipo Mama Chokaa alipomkumbuka mumewe.

Alimkuta juu, kwenye ukumbi wa kaskazini. Bwana Fagio alikuwa amekusanya viti vyote vya ghorofa ile akavipanga duara tatu, kila duara limezunguka kitu sakafuni, naye amesimama katikati, fagio limeinuliwa juu kama bendera.

"Vitatu vimevunjika," alisema. "Cha pili, cha tano na cha kumi na moja. Sijagusa. Muuguzi alitaka kufagia nikamfukuza. Mke wangu, vimevunjika, na yule binti alisema vikivunjika anafunga. Lakini sijagusa."

"Na cha tisa?"

Bwana Fagio alisogea pembeni ili aone mwenyewe. Mstari wa dhahabu ulikuwa mahali pake, kioo kizima, kimejaa vumbi.

Mhandisi alifika mchana, amekimbia nusu ya njia, kofia iko mkononi na nywele zimejaa majani. Hakumsalimu mtu. Alipita kioo hadi kioo. Akachuchumaa nje ya kila duara la viti bila kulivuka, akapima nyufa, akashusha timazi kwenye kona nne, akaenda chini, akarudi juu, akashusha tena kwenye kona ya kaskazini. Kamba ilining'inia sambamba na ukuta, pembeni kwa pembeni. Watu walikuwa wamemjaa nyuma: mkunga mkuu, seremala, fundi bomba na fimbo yake.

"Mwanangu," alisema Mama Chokaa hatimaye, "vitatu vimevunjika. Tunaviona. Sema tu."

Mhandisi aligeuka. Alikuwa akitabasamu, na kwa mara ya kwanza Mama Chokaa aliona ni binti mdogo kiasi gani.

"Mama, kwa tetemeko kama hili, vyote kumi na viwili vingekuwa vizima ningejua kuna mtu amebadilisha," alisema. "Nyumba imetikisika. Lazima itikisike. Nilichotaka kujua ni kama inarudi. Imerudi. Kona iliyokuwa mbovu kuliko zote ndiyo imerudi sawasawa kuliko zote."

Fundi bomba aligonga sakafu kwa fimbo. "Na bomba?" aliuliza. "Limevuja?"

"Halijavuja, babu."

"Niliwaambia."

Mhandisi alikaa kwenye kiti kimoja cha duara la cha pili, kwa kuwa kingine hakikuwepo, akaweka karatasi gotini, akaandika mistari miwili: nyumba imepimwa na ardhi yenyewe, ibaki, na itumike. Akatia sahihi. Wino ulikwama mara moja, akautikisa, akamalizia mkia wa jina lake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Mkunga mkuu alimbeba juujuu yeye na kofia yake. Chini, kina mama waliosikia walianza upya.

Mama Chokaa hakupiga kigelegele. Aliuendea ukuta wa kona ya kaskazini, akaulaza kiganja, akakiacha hapo. Chokaa ilikuwa bado na ubaridi wa shimoni. Kupitia ukutani, kutoka upande wa kusini, alimsikia mtoto wa ishirini na tisa akiliitia titi.

"Picha tutaitafutia kioo kingine," alisema Bwana Fagio nyuma yake.

"Iache wazi. Kioo chetu kina kazi huku."

Bwana Fagio alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa bado ameshika fagio, bado ameliinua, akitazama vipande vya kioo vilivyotapakaa kwenye sakafu yake kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji ya watu. Alivumilia kidogo. Akavumilia kidogo tena.

"Mama Chokaa," aliuliza kwa heshima, "sasa ruhusa?"

"Ruhusa, Baba," alisema. "Fagia."